Milio ya Gari la Haibridi Lililoegeshwa na Namna ya Kuitambua



Gari tulilolizoea tangu enzi za wazee wetu, ambalo likizimwa hunyamaza na likiwashwa hunguruma, lilitufundisha kanuni nyepesi, kwamba gari lililolala halisemi, na likisema lina maradhi. Na kanuni hiyo, ambayo mimi mwenyewe niliifuata miaka mingi katika kazi ya umeme wa magari, ndiyo inayotupoteza leo kila tunapoletewa gari la haibridi lenye mlio usiojulikana. Tangu Desemba 1997, Toyota ilipoanza kuuza Prius huko Japani, limekuwapo barabarani gari ambalo injini yake huzimika yenyewe likiwa safarini, na ambalo, hata likiegeshwa na dereva akaenda zake kulala, baadhi ya viungo vyake hubaki macho. Magari mengi ya pwani hii hutufikia yakiwa yamekwisha kutumika Japani, kwa hiyo hatuna budi kuijua lugha yake. Ninalodai mbele ya hadhara hii ni kwamba mlio wa gari la namna hii hautambuliwi kwa sikio peke yake, bali kwa mashahidi watatu: saa uliposikika, mahali ulipotokea, na kitendo kilichoutangulia.

Mzee mmoja mwenye Prius ya kizazi cha tatu alinijia akiwa amekwisha kubadilishiwa pampu ya petroli katika gereji moja ya mjini, kwa fedha si haba, na mlio aliouogopa ungalipo vilevile. Nikaenda kwake baada ya sala ya alfajiri, gari likiwa limelala usiku kucha, umande umetanda juu ya kioo. Nilimwomba asiliguse, nikaweka kiganja juu ya boneti, upande wa nyuma, karibu na ukuta utenganishao injini na abiria, kisha nikamwambia, "Sasa, mzee wangu, fungua mlango wa dereva, mlango tu." Akafungua, na papo hapo ukatoka mvumo mkavu, mithili ya nyuki aliyefungiwa ndani ya kopo, ukitetemesha bati chini ya vidole vyangu kwa sekunde chache, kisha kimya. Hatukugusa ufunguo wala swichi. Kitendo kilikuwa kimoja, nacho ni mlango.

Ile ilikuwa pampu ya breki. Katika gari la kawaida, breki huongezewa nguvu na mvuto wa hewa utokao katika injini. Lakini injini ambayo huenda ikawa imezimika gari likiwa katika mwendo haiwezi kutegemewa kwa kazi hiyo, ndipo ikawekwa pampu ya umeme inayosukuma mafuta ya breki na kuyaweka chini ya shinikizo katika chombo maalumu, tayari kwa mguu wa dereva. Mlango ukifunguliwa, kompyuta ya gari hufahamu kwamba dereva amefika, nayo huamuru shinikizo lirudishwe. Mlio huo, basi, ni wa afya, na mzee yule alitozwa fedha kwa jambo lisilokuwapo. Ila pampu hiyo hiyo ikiwa inaanza na kukoma, inaanza na kukoma, kila baada ya sekunde chache, ilhali hakuna aliyekanyaga breki, mjue kwamba shinikizo halikai mahali pake, na gari hilo lisitoke uani mpaka breki zake zipimwe. Sauti ni ile ile; lililo tofauti ni hesabu ya nyakati.

Mfano wa pili ulinifikia kwa simu kutoka mbali. Mpwa wangu aishiye Minnesota, mwenye Prius iliyouzwa huko huko Marekani, aliniamsha akasema, "Mjomba, kuna kitu kinavuma chini ya gari, upande wa nyuma, na gari limezimwa tangu jioni, nachelea betri inaungua." Nikamuuliza aliliegesha saa ngapi, akasema saa kumi na mbili, na mlio ameusikia saa ngapi, akasema saa tano usiku. Nikamtaka aandike nyakati za siku ya pili pia, naye akaegesha saa mbili usiku, akakesha dirishani, mvumo ukaja saa saba. Muda wa saa tano kamili mara zote mbili! Hapo sikuwa na shaka tena. Sheria za Marekani za kulinda hewa hulazimisha gari lijikague kama mvuke wa petroli unavuja kutoka tangini, na ukaguzi huo hungoja mafuta yapoe na kutulia, ndipo pampu ndogo iliyo karibu na tangi huamka saa 5 baada ya gari kuzimwa. Na kama injini bado ina joto linalozidi nyuzi 35, hujaribu tena saa 2 baadaye, na tena baada ya saa 2 na nusu. Mlio huu tusiharakishe kuutarajia katika gari lililotengenezewa soko la Japani.

Milio mingine haihitaji maelezo marefu. Kishindo kimoja au viwili vya "tak" kutoka nyuma ya kiti, wakati wa kuwasha au kuzima, ni rilei zinazounga au kukata umeme wa betri kubwa. Mgongano mdogo wa chuma chini ya gari lililotoka safarini ni eksozi inayopoa.

Feni ya betri, hata hivyo, nataka tuizingatie zaidi, kwa kuwa inahusu nchi yetu yenye joto na vumbi. Betri ya Prius za kizazi cha pili na cha tatu ina seli 168, jumla volti 201.6, na hupozwa kwa hewa inayovutwa kutoka ndani ya gari kupitia tundu lililo ubavuni mwa kiti cha nyuma; katika Toyota Aqua tundu liko chini ya kiti hicho. Gari limesimama juani likiwa READY, yaani limewashwa hata kama injini iko kimya, kisha feni ikavuma kwa nguvu isiyo ya kawaida, usianze na betri: angalia kwanza kama kikapu cha sokoni au khanga vimeziba tundu, kisha uangalie vumbi lililogandamana kwenye feni. Na mlio usiofuata saa wala kitendo chochote, mara huku, mara kule, aghalabu ni panya. Tafuteni nyaya zilizotafunwa, lakini zile za betri kubwa, zenye ganda la rangi ya chungwa, zisiguswe na asiyefunzwa, na aliyefunzwa pia, akishatoa plagi ya usalama, angoje dakika 10.

Upo mlio mmoja ninaouogopa kwa dhati, nao ni injini kuwaka yenyewe. Dereva hufika nyumbani, injini ikiwa kimya, akadhani amezima, akashuka na kufunga banda, ilhali taa ya READY ingali inawaka. Betri ikipungua, injini huamka na kutoa hewa ya monoksidi ya kaboni, isiyo na rangi wala harufu. Huko Marekani watu wamekufa kwa namna hii katika nyumba zao, usingizini. Kwa hiyo kila mteja akija kwetu na habari ya gari linalonguruma usiku, swali la kwanza na liwe: taa ya READY ilikuwa imezimika?

Gari langu nimeliegesha nje, chini ya mwembe, tangu saa mbili asubuhi, na milango yake haijaguswa. Naomba, Mheshimiwa Mwenyekiti, tutoke sote, mmoja wetu afungue mlango wa dereva, na wengine waweke viganja juu ya boneti.