Vitabu Huria na Wajibu wa Mhadhiri wa Kiswahili



Mhadhiri huteua kitabu, lakini gharama humwangukia mwanafunzi. Ndiyo maana madarasa yetu yamejaa kurasa za fotokopi, nyingine zimekatika mifano. Mwaka 2002 jukwaa la UNESCO liliasisi istilahi ya rasilimali huria za elimu. Mwaka 2019 nchi wanachama zikapitisha pendekezo kuzihusu. Leseni huria humhifadhia mwandishi haki ya kutajwa, ikamruhusu msomaji kunakili na kurekebisha bila malipo. Katika isimu ya Kiswahili faida ni bayana: mwalimu wa Mombasa ataongeza mifano ya Kimvita, wa Lamu ya Kiamu. Kweli, mrabaha utapungua. Basi vyuo viuhesabu uandishi huo katika kupandisha vyeo. Nami naanza na mhadhara huu: nawaruhusu muunakili, na muusahihishe.