Hodi za Mashine: Kutafuta Chanzo cha Kukatika kwa Huduma za Wavuti kwa Kutazama Pakiti za Mtandao



Hapa Kaaga, penye kanisa na shule na Chuo Kikuu cha Methodisti cha Kenya kilichopata hati yake mwaka 2006, na kote Meru hadi Embu, shughuli ambazo zamani zilikamilika kwa daftari na muhuri leo hutegemea seva iliyo Nairobi au ng'ambo. Mhasibu hulipa kwa M-Pesa, karani huingia eCitizen, na siku ujumbe wa “imeshindikana kuunganishwa” unapotokea kwenye skrini, wote hao humgeukia fundi mmoja, na wengi wenu mliohudhuria ndio mafundi hao.

Jambo ninaloomba mlizingatie ni kwamba ujumbe ule si ushahidi, bali ni malalamiko. Programu inajua tu kwamba iliomba na haikupewa. Haijui ni nani aliyeizuia, wala ni mahali gani pa njia. Nasi kwa haraka tunazima ruta na kuiwasha tena, na kwa kufanya hivyo mara nyingi tunafuta athari za kosa kabla hatujazisoma, kisha kosa linaporudi kesho yake tunakuwa hatuna ilimu yoyote zaidi ya jana. Ushahidi wenyewe umo katika pakiti zinazopita, na vyombo vya kuzitazama si haba wala si ghali: tcpdump iliandikwa mwaka 1988 katika maabara ya Lawrence Berkeley kule Marekani, na Wireshark, ambayo Gerald Combs aliitoa mwaka 1998 kwa jina la Ethereal na ikapata jina lake la sasa mwaka 2006, hupatikana bure.

Mtu mwenye adabu afikapo nyumbani kwa watu hubisha hodi, akangoja aambiwe karibu, na ndipo huingia. Na mashine nazo, kwa kanuni za TCP zilizochapishwa mwaka 1981, zina mwendo uo huo. Kabla ya hodi yenyewe, kompyuta huuliza njia, yaani huiomba DNS anwani ya mwenyeji. Kisha hupeleka pakiti yenye alama ya SYN, ambayo ndiyo hodi. Seva hurudisha SYN pamoja na ACK, ambayo ndiyo karibu. Na kompyuta ikishapeleka ACK yake huwa imeingia, aghalabu kwa mlango nambari 443, ambapo mazungumzo husimbwa ili wapita njia wasiyaelewe.

Basi ukitazama pakiti utatambua kama hodi haikujibiwa, au ilikataliwa, au mgeni alikaribishwa kisha mazungumzo yakavunjika ndani. Kimya kina sura yake: SYN hutoka, kisha kwa kawaida hurudiwa baada ya sekunde 1, kisha 2, kisha 4, muda wa kungoja ukizidi maradufu kila mara; hapo mtuhumu fayawoli inayomeza pakiti bila kusema, au njia iliyokatika. Kukataliwa hudhihirika kwa pakiti ya RST, na hapo msikimbilie kusema kwamba seva imekataa kabla ya kupima muda wa jibu. Nuru katika kebo hupita kama kilomita 200,000 kwa sekunde, na kutoka Nairobi hadi London ni zaidi ya kilomita 6,500, hivyo safari ya kwenda na kurudi haiwezi kupungua milisekunde 65. Jibu linalodaiwa kutoka London likifika kwa milisekunde 2, yakini limetolewa na mtu wa karibu aliyesimama mlangoni kwa niaba ya mwenye nyumba, aghalabu ruta au fayawoli ya ofisi yenyewe.

Lakini lile la tatu, la mazungumzo kuvunjika ndani, ndilo linalopoteza watu wengi zaidi. Nilipata kuitwa asubuhi ya siku ya malipo katika chama kimoja cha ushirika cha wafugaji, wanachama wameketi nje na kadi zao za maziwa mikononi, na programu ya malipo haikuweza kabisa kuifikia huduma ya kutuma pesa kwa simu. Ruta ilikuwa imezimwa mara nne, na kampuni ya intaneti imekwisha kulaumiwa. Nilipofungua Wireshark niliona DNS imejibu, hodi imetoka, karibu imerudi kwa milisekunde 14, na seva imeleta cheti chake. Kisha ikapita pakiti fupi ya onyo, na mazungumzo yakakatwa. Nikatazama safu ya chanzo ya pakiti ile: ilikuwa anwani ya kompyuta yetu wenyewe. Sisi ndio tuliokata. Wireshark kwa kawaida huonyesha sekunde zilizopita tangu kuanza kunasa, nami nilipoibadilisha ionyeshe tarehe kamili, kila mstari ulisomeka 1 Januari 2015. Umeme ulikuwa umekatika usiku, na ile betri ndogo ya duara inayolinda saa ndani ya kompyuta ilikuwa imekufa. Kwa hiyo mashine iliona cheti cha seva kuwa ni cha miaka ijayo, ikakikataa kwa haki kabisa. Tulirekebisha tarehe, na kabla ya saa nne wale wazee walikuwa wakisoma ujumbe wa malipo kwenye simu zao.

Lipo pia kosa la pakiti kubwa, ambapo kuingia kunawezekana ila kutuma orodha ndefu kunakwama: njia haipitishi zaidi ya baiti 1,492 ilhali kompyuta inatuma 1,500, na ujumbe wa kuiambia ipunguze kipimo umezuiwa na fayawoli. Na zipo siku ambazo kosa halimo Meru hata kidogo, kama tarehe 12 Mei 2024, kebo za EASSy na Seacom zilipokatika baharini upande wa kusini na intaneti ikazorota katika nchi kadhaa za Afrika Mashariki. Siku kama hiyo pakiti huonyesha marudio mengi na majibu ya kuchelewa kutoka ng'ambo, ilhali seva za humu nchini hujibu kama kawaida.

Nasema sasa kwa msisitizo juu ya amana. Anayenasa pakiti hushika siri za watu, na Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inamhusu. Pateni idhini ya maandishi, naseni pakiti za mashine inayohusika peke yake, na kwa maswali ya hodi na karibu ridhikeni na baiti 96 za mwanzo wa kila pakiti. Faili ikishatumika, ifutwe mbele ya aliyetoa idhini.

Alasiri ya leo hatutanasa kosa lolote. Kila mmoja atanasa dakika tano za mtandao wake ukiwa mzima, aandike kwenye karatasi muda wa DNS, muda wa karibu, na anwani zinazojibu, kisha aiweke karatasi hiyo kando ya seva yake. Maana siku huduma itakapokatika, swali la kwanza litakuwa ni mstari gani umebadilika.