Betri Mbili, Altaneta Moja

Msikilizaji wetu wa Thika na Ruiru, hasa wewe mwenye matatu: muziki, taa za rangi na skrini zinakula umeme mwingi, ndiyo maana wengi huongeza betri ya pili. Shida huanza betri hizo mbili zinapounganishwa moja kwa moja. Ile dhaifu huivuta nzima, na alfajiri injini inakataa kuwaka huku abiria wakingoja stejini.

Mwambie fundi wa umeme aweke rilei ya kutenganisha betri. Injini ikinguruma, rilei huziunganisha ili altaneta izijaze zote. Injini ikizimwa, huzitenga, na muziki haugusi betri ya kuwasha gari. Kila betri iwe na fyuzi karibu na ncha yake ya chanya. Hapo usibanie pesa, maana waya usio na fyuzi ukichubuka huweza kuchoma gari.

Pima volti kwa mita. Betri ya volti 12 iliyojaa na kupumzika husoma karibu 12.6; injini ikinguruma, tarajia kati ya 13.8 na 14.4. Kwenye msongamano wa Barabara Kuu ya Thika injini huzunguka polepole, altaneta hutoa umeme kidogo, kwa hiyo punguza muziki.

Betri inayochajiwa hutoa gesi ya haidrojeni, nayo hulipuka. Tafadhali, usivute sigara karibu na betri, na unapofungua nyaya zake anza na waya wa hasi.