Ngitili na Kazi Isiyongoja Hamu

Mwaka 1986 serikali ilipoanzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, maarufu kwa jina la HASHI, ngitili, yaani malisho ya jadi yanayofungwa kwa msimu, zilizojulikana mkoani zilifikia hekta 600 hivi. Mradi ulipofungwa mwaka 2004, zilikuwa zimevuka hekta 300,000. Swali la mhadhara huu ni hili: wakulima na wafugaji waliochoshwa na ukame waliwezaje kuendelea miaka 18?

Sababu za kukata tamaa zilikuwa nyingi. Tangu miaka ya 1920 misitu ilifyekwa ili kuwanyima mbung'o makazi. Pamba ikafuata, mifugo ikaongezeka, kuni zikakatwa. Miaka ya 1970, operesheni ya vijiji ikazihamisha familia mbali na maeneo zilizokuwa zikiyatunza. Ikafika mahali Shinyanga ikaitwa jangwa la Tanzania.

Mwanzoni HASHI iliweka mkazo kwenye vitalu na miche, ikiwemo miti ya kigeni. Lakini mche una madai yake: wataka maji wakati wa kiangazi, wataka ulinzi dhidi ya mbuzi, na kila asubuhi wamtaka mwenyewe aamue upya kuutunza. Kwa mama anayetembea mbali kutafuta maji ya kunywa, uamuzi huo ni mzito.

Mambo yalibadilika wataalamu walipoigeukia desturi ya Wasukuma wenyewe.

Ngitili ni eneo la malisho linalofungwa mvua zinapoanza na kufunguliwa kiangazi kinapokolea, nyasi zinapokwisha kwingine. Mvua ndiyo inayotangaza siku ya kufunga. Hakuna anayelazimika kujiuliza kama leo ana ari. Familia iliweza kuanza na kipande kidogo karibu na nyumba. Visiki na mizizi iliyobaki ardhini ilichipua yenyewe, hivyo kazi kubwa ya mtu ikawa kuzuia mifugo. Na hata uzio haukuhitajika sana, kwa kuwa dagashida, baraza la jadi, lilipitisha sheria, na sungusungu, walinzi wa kijiji, wakamkamata aliyeingiza ng'ombe kabla ya wakati. Siku ambayo mwenye ngitili amechoka, kanuni ya kijiji bado iko kazini.

Mwanasaikolojia Mjerumani Peter Gollwitzer alifikia jambo linalofanana na hilo kwa njia ya utafiti: anayepanga mapema atafanya nini, lini na wapi hutimiza zaidi kuliko mwenye nia tupu. Shinyanga ililifanya kwa vijiji vizima.

Hamu ilikuja baadaye, ikiletwa na matunda. Utafiti uliochapishwa mwaka 2005 ulikadiria faida ya ngitili kuwa dola 14 hivi kwa mtu kwa mwezi. Muda wa kutafuta kuni ulipungua kwa saa mbili hadi sita. Mwaka 2002, wakati wa mkutano wa Umoja wa Mataifa mjini Johannesburg, HASHI ilipewa Tuzo ya Ikweta.

Somo hili linamhusu pia mwanafunzi wa Isaka, mkoani Shinyanga, anayerudia mtihani na mchimbaji mdogo wa Geita ambaye duara lake, yaani shimo la kuchimbia, halijatoa kitu. Kuwahimiza wajitume ni rahisi, na mara nyingi hakuwafikishi mbali. Mwanafunzi atasaidika zaidi akiwa na saa isiyobadilika, kurasa chache za kuanzia, na mwenzake wa kumuuliza jioni amefika wapi.

Hata hivyo, ngitili haikumfikia kila mtu kwa usawa. Wenye ardhi na mifugo mingi walinufaika zaidi. Asiye na kipande hakuwa na cha kufunga. Kwa hiyo shule, halmashauri au chama cha wachimbaji kinapomwona mtu amesimama, kabla ya kumlaumu kwa uvivu, kiangalie kwanza kama ana eneo, muda na watu wa kushirikiana nao, kisha kimpe kile kinachokosekana.