Faida ya Mboga Imo Katika Mafungu ya Mwisho

Hotuba iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka



Jambo lenyewe liko mbele yenu leo: baadhi ya kina mama waliokopa katika mfuko wa Chama wameshindwa kulipa, na wako wazee washaurio kwamba wauza mboga wasikopeshwe tena. Imesemwa kwamba fedha zililiwa arusini. Sisi tumeketi nao sokoni, na tuliyoyaona ni mengine. Basi, kabla ya kuinua mikono, na tuhesabu pamoja.

Mboga nyingi tulazo hapa Mombasa hupitia soko la Kongowea. Zatoka vilima vya Taita, Taveta, na mbali zaidi. Tangu mwuzaji wa rejareja alipe fedha zake, mali yake yaanza kufa mkononi. Kanga isiyouzwa leo itangoja sikukuu. Mchicha usiouzwa leo, kesho ni chakula cha mbuzi.

Tuchukue mfano. Mama anunua tenga la nyanya kwa shilingi 2,000. Uchukuzi ni 200 na ushuru 50, jumla 2,250. Apanga mafungu 60, kila fungu shilingi 50. Akiuza yote apata 3,000, na faida yake ni 750. Lakini mafungu 15 yakimwozea, apata 2,250 tu, yaani zile zile alizotoa. Amefanya kazi tangu alfajiri hata magharibi bila ujira. Tazameni basi: mafungu 45 ya kwanza ni ya kurudisha mtaji, chakula cha watoto na fedha za Chama zimo katika yale 15 ya mwisho.

Kwa hiyo mwuzaji asing'ang'anie bei ya asubuhi. Jua likipunga, katika yale 15 akiuza 10 kwa shilingi 30, amepata 300, ambazo ni bora kuliko kwenda nazo jaani. Tena wawili wakishirikiana tenga moja, kila mmoja hutoa 1,125 na kupata mafungu 30. Akiyamaliza yote, faida yake ni 375, kwa nusu ya mtaji na nusu ya hatari. Walioshindwa kulipa, wengi walinunua peke yao zaidi ya walivyoweza kuuza kwa siku moja.

Utunzaji nao una fedha ndani yake. Mboga za majani zikae kivulini, zifunikwe gunia lenye maji, wala zisiwekwe karibu na ndizi mbivu, kwani huzifanya zigeuke manjano upesi. Nyanya zisimwagiwe maji, na zilizopasuka zitengwe mapema. Wenzetu wa bara hupoza mboga katika kibanda cha makaa yaliyoloweshwa. Huku kwetu pwani hewa ina unyevu mwingi, na njia hiyo haitufai sana. Dawa yetu ni kununua kidogo na kumaliza.

Wazee wetu, hatuombi deni lisamehewe. Twaomba mfuko usifungwe, bali mkopo utolewe kwa masharti matatu: wakopaji wawe wawili wawili na wadhaminiane, kila mmoja awe na daftari la kuandika alichonunua, alichouza na kilichooza, na daftari hilo likaguliwe na Kamati kila juma. Mali bila daftari hupotea bila habari, na hapo ndipo mtu mwenye bidii hudhaniwa mbadhirifu.

Tukiwafungia mlango hawa, watakwenda kwa wakopeshaji wa riba kubwa, na deni letu halitarudi. Tukiwafundisha hesabu ya mafungu 15, watalipa, na wengine watakopa baada yao.

Uamuzi ni wenu.