Kumwendea Wakili kwa Shauri la Malezi ya Mtoto



Wazazi wanapotengana, swali zito kuliko nyumba na shamba ni mtoto atakaa na nani. Twaona wengi wakimfikia wakili na uchungu mwingi na karatasi chache. Muda huishia katika ugomvi wa wakubwa, ilhali mahakama itauliza habari za mtoto.

Kifungu cha 125 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 chatanguliza ustawi wa mtoto. Mahakama hutazama pia matakwa ya wazazi, ya mtoto mwenyewe akiwa amefikia umri wa kujieleza, na mila za jamii. Mtoto aliye chini ya miaka 7 hudhaniwa kufaa kukaa na mama, lakini dhana hiyo yaweza kupingwa kwa ushahidi. Kwa hiyo kauli ya ukoo kwamba mtoto ni wa baba haimalizi shauri. Wala umama pekee haulimalizi.

Tunawashauri muanze na cheti cha kuzaliwa. Kikiwa mikononi mwa mwenzenu, msikinyang'anye. Ombeni nakala RITA. Zifuate karatasi zinazoonyesha ni nani hasa anayemlea mtoto kila siku: kadi ya kliniki, ripoti za shule, stakabadhi za dawa na sare, ujumbe wa fedha zilizotumwa kwa simu. Ujumbe usifutwe, hata ule unaomtetea mwenzenu. Karatasi iliyofichwa wakili ataikuta mikononi mwa upande wa pili, mbele ya hakimu, akiwa hana la kujibu.

Zipangeni kwa tarehe. Juu yake wekeni ukurasa mmoja: mtoto alizaliwa lini, amekaa kwa nani na tangu lini, alisoma wapi. Aliyehamishwa kutoka Kibondo kwenda kwa bibi yake Kasulu, tarehe ya kuhama iandikwe. Mliyoyasikia kwa jirani yaandikwe kando, pamoja na jina la jirani huyo, kwani huenda akahitajika kuwa shahidi.

Anayedai talaka pia aongeze hati ya Baraza la Usuluhishi wa Ndoa. Mpeni wakili nakala. Hati halisi mzitunze hadi zitakapohitajika mahakamani.

Asiyemudu gharama za wakili aombe msaada chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Msaidizi wa kisheria hutoa huduma bila malipo, ila hawezi kumwakilisha mtu mahakamani. Afisa Ustawi wa Jamii akiagizwa kuandika taarifa ya mtoto, naye aonyeshwe karatasi hizo hizo. Mtoto asitumwe kuzibeba, wala asifundishwe la kusema.