Kuchagua Mpira wa Mkojo: Mazungumzo kwa Watumishi wa Afya na Wananchi

 

Mzee aliyezuiliwa mkojo kwa sababu ya tezi dume hupelekwa Ligula, mjini Mtwara, na mara nyingi hurejea nyumbani akiwa na mpira. Mpira huo humwokoa, lakini pia huwa njia ya vijidudu kuingia kibofuni. Kwa kila siku unayokaa, wagonjwa 3 hadi 7 kati ya 100 hupata vijidudu katika mkojo. Ukitimia mwezi, karibu wote huwa navyo.

Je, tuchague upi? Wengi hudhani kinga ni mpira wa bei kubwa, uliopakwa madini ya fedha. Jambo hilo lilipimwa katika hospitali 24 za Uingereza, kwa wagonjwa zaidi ya 7,000 waliowekewa mpira kwa muda mfupi. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2012 yalionyesha kuwa haukuleta nafuu ya maana. Basi tusisikitike kwa kuukosa.

Kwanza, tuulize kama mpira wahitajika. Kulowanisha kitanda pekee si sababu. Mwanamume asiyezuiliwa mkojo aweza kuvalishwa mpira wa nje, mfano wa kondomu. Pili, uchaguliwe mwembamba unaotosha kupitisha mkojo. Kwa watu wazima wengi ni namba 14 au 16. Atakayekaa nao wiki nyingi, wa silikoni humfaa zaidi. Tatu, tarehe ya kuuweka iandikwe, na kila asubuhi iulizwe kama wakati wa kuutoa umefika. Hata kwa mama aliyeshonwa fistula isiyo ngumu, Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2018 kuwa siku 7 hadi 10 zatosha.

Nanyi mnaouguza nyumbani: naweni mikono kwa sabuni kabla na baada ya kuugusa. Mfuko ukae chini ya usawa wa kibofu, usiguse sakafu, wala usitenganishwe na mpira bila sababu. Mgonjwa asiuvute mwenyewe, kwani puto lililo ndani litamjeruhi. Akipata homa, maumivu ya ubavuni, au mkojo ukikoma kutoka, apelekwe kituoni siku hiyohiyo.

Wakati wa kutoka hospitali, msione haya kuuliza: utatolewa lini?